Sura Zilizofunikwa Kwenye Geti Langu

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa kule Kalengera, na shule ikafa naye. Nilikuwa nimefika mwaka wa tatu wa primeri. Herufi nilizijua, kuziunganisha ndiyo ilikuwa kazi. Nikashuka Goma kwa miguu, nikasukuma chukudu ya mutu mwingine, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Nilibeba viazi, mbao, maji, hata kabati la harusi lenye kioo, na kioo hakikuvunjika. Hakuna mutu aliyenisaidia. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Waliosoma hupenda kuanza na shukrani. Mimi nimshukuru nani? Magoti yangu?

Kwa magoti hayo nilijenga depo katika mtaa wa Majengo, ukuta wa mawe meusi ya volkano, paa la bati nene. Wachuuzi wa Butembo wanaweka humo maharage, unga na vitenge. Wale watu hawacheki na mali. Miaka michache iliyopita walikuja wote pamoja, wamevaa makoti, wakaniambia kwa adabu: "Papa, depo bila kamera, sisi tutapeleka mizigo Munigi."

Nikaweka kamera nane. Saba zinatazama magunia, na magunia, niwaambie ukweli, hayana mambo mengi. Ya nane iko juu ya geti, inatazama barabara. Hiyo ilikuwa na mdomo bila masikio: mimi nakaa kwenye kiti changu saluni, chumba cha kupokea wageni, namwona mutu kwenye skrini, nabonyeza, sauti yangu inatokea getini. Yeye akinijibu, sisikii kitu.

Siku ya kwanza mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alipita na beseni kichwani. Nikamwambia, "Jambo mama, leo umechelewa." Akaweka beseni chini, akakimbia mpaka kwa pasta. Lakini watu wanazoea. Kwetu mutu hapiti mbele ya muzee bila kumsalimia, na kama muzee yuko ndani ya kichuma juu ya geti, basi utakisalimia kichuma. Wanaume wakawa wanavua kofia, mama wanainama kidogo, na madereva wa pikipiki wanapunguza mwendo. Nami nilimjibu kila mutu kwa heshima yake: jambo papa, jambo mama, jambo mwalimu, na kwa mutoto mwenye matope, weye nenda ukaoge. Niliacha hata kwenda kwenye baa. Nilikuwa nasalimiwa kuliko mbunge, na sikumnunulia mutu pombe.

Ndipo akaja ajenti wa serikali, kijana wa suti na viatu vyenye ncha, akiogopa mawe yetu yasimkwaruzie hivyo viatu. Akasema kamera si haramu, ila serikali imetaka mashine inayotunza picha iwe na programu yenye masharti. Picha zikae mwezi mmoja, kisha zifutike zenyewe. Mutu mumoja tu azitazame, mwenye neno la siri. Na sura za wapita njia zifunikwe, isipokuwa aliyekubali kwa mdomo wake mwenyewe.

"Na kama mimi sikubali?" nikauliza.

"Muzee, weye si mupita njia. Weye unafuata sheria. Nitarudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kama haiko sawa, naweka kufuli ya serikali kwenye geti."

Kufuli ya serikali, hata kwa siku moja, wachuuzi wangu wangekuwa Munigi kabla ya mchana. Nikaita fundi.

Fundi alikuwa mutu wa Beni mwenye miwani, aliyeongea Kifaransa hata na nyaya. Akaweka ile programu, akaniambia nichague neno la siri. Sasa mimi kwenye kibao natafuta herufi moja moja kama chawa. Nikamwambia, weye andika, mimi nitasema. Nikasema. Mashine ikakataa, inataka na tarakimu. Nikasema kwa nguvu zaidi. Ikakataa tena, inataka herufi kubwa. Nikaisema kwa sauti kubwa, kwani herufi kubwa inasemwa namna gani? Asubuhi nilipoenda kununua mkate, muuzaji akaniambia, "Muzee, neno lako ni zuri, lakini mimi ningeweka saba mwishoni." Tukabadilisha. Safari hii fundi alifunga madirisha.

Kisha akabonyeza mahali, na barabara nzima ikapoteza vichwa. Kila mutu alikuwa na wingu la uji juu ya shingo. Wingu linapita na mwavuli, wingu linasukuma chukudu, mawingu mawili yanagombana. Wote wanainua mikono kunisalimia, na mimi sijui ni nani.

Nikajaribu hivyo hivyo. Nikaona kanzu ndefu nyeupe, nikasema, "Jambo mama, leo umependeza." Alikuwa pasta. Nikaona kiuno kinapita na kitenge kipya, nikasema, "Jambo mutoto muzuri, unakimbilia wapi?" Alikuwa mama mukwe wa mwanangu wa kwanza. Kwetu mutu kama huyo unamsalimia ukitazama ardhi. Mwanangu alinipigia simu jioni ile. Hakusema "jambo". Alisema, "Papa, kwa nini?"

Mama wa sambaza ndiye aliyeingia mpaka saluni kujionea. Akatazama skrini, akaona beseni lake linajulikana vizuri, sambaza zinajulikana, na katikati ni uji.

"Papa, sura yangu iko wapi?"

"Serikali imeifunika."

"Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Ni kwa kukulinda."

"Kunilinda na nani? Anayenitazama ni weye peke yako!"

"Ndiyo hivyo. Wanakulinda na mimi."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka. "Kwenye televizyo," akasema, "wanaofunikwa sura ni wezi. Basi sisi wote wa barabara hii ni wezi, na weye ndiye mwenye mali. Aksanti, papa."

Maneno yake yakazunguka barabara nzima, na kesho yake hakuna aliyenisalimia. Wengine walihama wakapita upande wa pili wa barabara, penye matope, ili kuninyima salamu vizuri. Niliona mawingu yakinigeuzia mgongo, na wingu likigeuka, niwaambie, halina tofauti mbele na nyuma, lakini nililisikia moyoni. Nikamwambia fundi aondoe ule uji.

"Papa, nikiuondoa, Ijumaa wanafunga depo."

"Nimesukuma chukudu miaka kumi na mbili ili nikae nyumbani mwangu nisisalimiwe?"

"Kuna njia. Wakubali wenyewe, mbele ya ajenti. Aliyekubali, mashine inaijua sura yake, inaiacha wazi."

Nikatoka nje mwenyewe, bila kamera, nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nilieleza jambo lile mpaka koo likakauka. Kwa mama wa mukwe wangu nilieleza nikitazama ardhi.

Ijumaa ajenti alikuta mstari kutoka getini mpaka kona. Watu walikuwa wamevaa nguo za misa. Mama wa sambaza, wa kwanza, akasogea chini ya kamera akapiga kelele, "Nakubali! Lakini upande wa kuume, upande wa kushoto jino limetoka!"

"Mama, haina masikio," ajenti akasema. "Niambie mimi."

"Nakuambia weye na yeye."

Pasta alikubali kwa maombi marefu, akaombea mashine, umeme, na ajenti ambaye bado hajaoa. Kila mutu akisema nakubali, ajenti anainua mkono, fundi anabonyeza, wingu linapasuka, sura inatokea, na mimi huko saluni napiga kelele ya jina lake na heshima yake, watu wanashangilia. Mwanaume mumoja alitaka kukubali kwa niaba ya mbuzi wake. Ajenti akamwambia mbuzi hamo katika sheria. "Basi mnatubagua," yule akasema, na mbuzi akabaki wazi bila ruhusa.

Mwishoni ajenti alitaka kupima kama mashine inafanya kazi. Akapita mbele ya geti mwenyewe. Suti, viatu vyenye ncha, na juu uji safi. Programu ilikuwa sawa kabisa. Akarudi akapita tena, polepole. Mimi niliondoa kidole kwenye kitufe. Mutu asiye na sura sina la kumwambia, na sheria ni yake.

Akaja kusimama mlangoni mwa saluni.

"Muzee, watu wote umewasalimia."

"Ndiyo."

"Mimi hunisalimii?"

"Weye ni nani? Naona wingu limevaa suti."

Akatazama viatu vyake. Akatoka, akasimama chini ya kamera, akavua miwani ya jua, akasema nakubali mbele ya watu wote, maana hakukuwa na ajenti mwingine. Fundi akabonyeza. "Jambo kijana wangu," nikasema, "mama yako alikulea vizuri." Siku hiyo hiyo akatia sahihi, kufuli ya serikali ikarudi ndani ya mfuko wake.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, peke yake alikataa. Fundi alimbembeleza kwa Kifaransa na kwa Kinande. "Mimi munifunike," akasema. "Miaka arobaini ananitazama. Apumzike." Sheria iko upande wake, siwezi kufanya kitu. Nikiona wingu linatembea kwa haraka ya mutu aliyekwisha kukasirika, namwambia kwenye mdomo wa kamera, "Jambo mama." Yeye anainua mkono bila kugeuka.

Leo niko na depo moja yenye wachuuzi wale wale, nyumba ya vyumba vitano, kamera nane, neno la siri moja nisiloweza kuliandika, chukudu mbili ninazokodisha, shamba la viazi, kuku wengi, barabara nzima yenye sura, na bibi mumoja wa uji.