Utepe wa Fundi Cherehani

Utepe wa kupimia hautoki shingoni mwa mama mmoja, fundi cherehani wa sokoni, hata akila. Kila nguo huipima mara mbili, maana, asemavyo mwenyewe, "jicho lina upendeleo." Siku afisa wa halmashauri alipokuja na kopo la rangi nyekundu, avitie alama ya kubomolewa vibanda vilivyo chini ya mita tatu kutoka barabarani, mama alitoa pini mdomoni taratibu. "Mwanangu, sheria hiyo nimeisoma yote. Shika ncha hii." Afisa akashika. Wakapima toka barabarani hadi kibanda chake, wakarudia: mita tatu na vidole vinne. Kopo likafunikwa, soko zima likalipuka kwa vigelegele. Mama hata hakugeuka. "Usiende, mwanangu. Bado vibanda arobaini, na ncha unashika wewe."