Pasi Iliyoondolewa Pichani

Picha ililetwa na gari, imeviringishiwa nailoni kama godoro jipya, na aliyeileta alikuwa dereva wa mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza mwenyewe hakuja. Ni mkurugenzi, na wakurugenzi hawaji, hutuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wako wapi?"

"Nani, mama?"

"Wanangu. Leo ndiyo siku niliyowaambia."

Dereva akakohoa kidogo, akainua lile furushi. "Wamo humu, mama."

Mama Pasi, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita, aliwahi kuambiwa mengi ya kipuuzi katika miaka yake sabini na minne, lakini hili la kuletewa watoto wanne ndani ya nailoni lilikuwa jipya. Alimtazama dereva kwa jicho la kulia, la kushoto lilikwisha kuzimika, akasema, "Basi wafungulie, wasije wakakosa hewa."

Asije mtu akadhani huyu ni bibi mkorofi tu asiyejua shukrani. Alisoma mpaka darasa la nne, akaingia chumba cha kufulia cha hospitali akiwa na miaka kumi na saba, na alitoka humo na nywele nyeupe. Miaka thelathini na minane ya mashuka, mapazia na makoti ya madaktari. Alianza kwa kukamua, akapelekwa kwenye kamba, mwishowe akapewa pasi ya mkaa, na hiyo haikumtoka tena mkononi. Hata zilipokuja zile nyepesi za waya alizitazama kama mtu anavyomtazama mkwe mvivu. Alikuwa na sheria yake: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mgongo mwisho. Aliyeanzia mgongoni hakumsalimia siku nzima.

Mume wake alitoka kwenda kutafuta kazi, akaipata, akaipenda kuliko watoto, hakurudi. Wakabaki wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Kila alfajiri kabla ya kwenda hospitali alipiga pasi sare nne za shule, na watoto wake walikwenda darasani wamenyooka kama barua za serikali. Njaa walikuwa nayo. Mikunjo hawakuwa nayo. Pasi hiyo ndiyo iliyowasomesha: wa kwanza akawa mkurugenzi, wa pili anauza mabati na saruji, binti yuko benki, na wa mwisho anafanya kazi ambayo hajawahi kuieleza mtu akaielewa. Kila mmoja na mji wake. Na wote, walipoanza kuvaa viatu vya kung'aa, waliingiwa na haya ya harufu ya mkaa.

Miezi miwili kabla ya picha ile, daktari wa macho alimwambia Mama Pasi bila kuzunguka kwamba presha ya macho imelimaliza jicho moja na sasa inalinyemelea la pili. Itabidi lipasuliwe. Likipona, limepona. Lisipopona, litamfuata mwenzake. Hakulia. Alikwenda kwa jirani yake, mama mmoja muuza mkaa, akamwomba amtafutie watoto kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaambiwa na mama maneno yaleyale:

"Njooni Jumamosi ya mwisho kabla sijapasuliwa. Wote wanne, siku moja, chumba kimoja. Saa moja tu. Mkae niwaone, niwahesabu, halafu mwende zenu."

Hakuomba kingine. Mara ya mwisho kuwaona wote pamoja ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma, na siku hiyo, watu wazima wenye ndevu, waligombana nani akae kiti cha mbele cha gari. Safari hii kila mmoja alisema, "Sawa, mama." Hiyo ndiyo Jumamosi ambayo dereva alisimama mlangoni na furushi.

Nailoni ilipotoka, ikatokea picha kubwa kama meza ya chai, imebandikwa juu ya ubao mnene, inang'aa. Mama Pasi aliipeleka dirishani, akaisogeza mpaka puani, kama alivyokuwa akikagua shuka linalodaiwa kuwa limetoka doa. Katikati ameketi yeye mwenyewe. Nyuma yake wamesimama wanne, bega kwa bega, meno nje. Nyuma yao bustani ya watu, yenye maji yanayoruka juu bila sababu.

Alianza na kola, maana hivyo ndivyo anavyoanza kila kitu. Kola ya mtoto wa kwanza ilikuwa na mkunjo mdogo upande wa kushoto, alama ya aliyepitisha pasi huku anaangalia kwingine. Akahamia ya wa pili. Mkunjo uleule. Akahamia ya wa mwisho. Mkunjo uleule, mahali palepale, na chini yake kifungo kilekile kinachoning'inia kwa uzi mmoja.

"Wanangu wamevaa suti moja," alisema.

"Zinafanana, mama."

"Baba, nimepiga pasi miaka thelathini na minane. Sikusema zinafanana. Nimesema moja. Watu watatu wameingiaje kwenye suti moja?"

Dereva alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kutunza siri. "Kila mmoja alituma sura yake kwa simu, mama. Fundi picha akaziunganisha kwenye kompyuta. Sura ni zao kweli."

"Na viwiliwili?"

"Vya fundi. Anavyo tayari. Suti moja ya wanaume, gauni moja la wanawake."

"Kwa hiyo kiuno hiki si cha binti yangu."

"Hapana, mama."

"Nilijua. Hiki hajawahi kuwa nacho, hata wakati wa njaa."

Begani kwa Mama Pasi, pichani, umelazwa mkono wa kushoto wa mtoto wa pili. Vidole vitano. Mtoto huyo akiwa na miaka sita alimfuata mama yake kazini, akaingiza mkono kwenye mashine ya kukamulia, na kidole cha mwisho kilibaki humo. Mama Pasi alikimbia naye kifuani mpaka wodini, damu ikichirizika hadi kwenye ndala. Mkono ule anaujua kuliko sala zake.

"Tazama," akamwambia dereva. "Miaka arobaini na moja, leo kidole kimerudi. Kimefika kabla ya mwenye nacho."

Dereva akacheka, akaona anacheka peke yake.

Kisha jicho likashuka kwenye mapaja yake mwenyewe, na hapo mzaha ukakoma. Sura yake na mwili wake vilitolewa kwenye picha ya siku aliyoagwa kazini: ameketi, pasi ya mkaa mapajani, mikono miwili juu ya mpini. Ndiyo picha pekee anayoipenda. Sasa pasi hakuna. Wameing'oa, mahali pake wakaweka maua ya rangi saba. Lakini vidole vilibaki vimekunjwa vilevile, vimekaza kwa uzito wa chuma, na katika picha mama wa watu anaonekana anayakaba maua koo.

Alikwenda kwa jirani, akampigia simu mtoto wa kwanza.

"Mama! Umeipata zawadi?"

"Nimeipata. Hawa ni nani?"

"Si ndio sisi, mama! Familia nzima!"

"Mimi niliomba watoto. Sikuomba kalenda."

"Mama, dunia imebadilika. Sisi tuko mbalimbali, ratiba hazikutani. Sasa picha imetukutanisha. Unaweza kutuangalia kila siku, siyo saa moja tu."

"Kwa jicho lipi?"

Mkurugenzi akasema ana kikao.

Alipelekwa kupasuliwa na muuza mkaa, aliyefunga kibanda chake siku mbili na kulala kwenye benchi la nje ya wodi. Watoto walituma ujumbe wa pole. Maneno yalikuwa yaleyale kutoka kwa wote wanne, mpaka mahali pa koma. Hata huruma wanaazimana, kama suti.

Jicho lilipona nusu. Uso wa mtu aliuona, tundu la sindano hakuliona. Alipotoka hospitali akarudi kwa wateja wake watatu wa zamani, walimu wasiotaka mtu mwingine aguse mashati yao. Kigae cha kuwekea pasi ya moto kilikuwa kimepasuka. Akatafuta kitu kinene, bapa, kisichoteleza. Akaona ubao ule nyuma ya mlango, akaulaza mezani, picha juu, akaikalisha pasi katikati.

"Dada!" jirani alipiga kelele. "Unawaunguza wanao!"

"Wanangu wako wapi hapa? Hii ni suti ya fundi."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Baada ya miezi mitatu yakasimama magari mawili mlangoni, wakashuka wote wanne. Sababu ilikuwa picha ileile. Mkurugenzi alikuwa ametengeneza ya pili, akaitundika sebuleni kwake penye taa. Binti wa mkurugenzi, mjukuu wa Mama Pasi, akachumbiwa na ukoo wa watu wazito, wazee wao wakaja, wakaiona, wakasifu: familia iliyoshikamana hivi, na mama mtulivu hivi na maua yake, ni nadra. Wakasema huyo mama lazima akae nao meza ya mbele siku ya harusi. Bila yeye wangejiuliza maswali. Na mkurugenzi huogopa maswali kuliko ugonjwa.

Waliingia wakikwepa kamba ya nguo. Wakaketi, wawili kwenye kochi, wawili kwenye viti vya plastiki.

Mama Pasi alisimama mbele yao, akanyoosha kidole. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne."

Wakatazamana. Binti akanong'ona, "Ni zile dawa."

Hazikuwa dawa. Alikuwa akiwaona. Wa kwanza kaota kitambi, na kola yake imepigwa pasi na mtu anayemchukia. Binti kanenepa, kapendeza. Wa mwisho kaanza upara. Akamgeukia wa pili.

"Mkono wa kushoto. Nionyeshe."

Yule mwanamume wa miaka arobaini na saba akautoa mkono kama mtoto anayekaguliwa kucha. Vidole vinne. Mama akaushika, akalipapasa kovu mpaka mwisho, akauachia.

"Huyu ni wangu," alisema. "Haya, semeni kilichowaleta. Najua siyo mimi."

Mkurugenzi akaeleza. Aliongea vizuri, ndiyo kazi yake. Akasema heshima, akasema ukoo, akasema gauni ataletewa, tena asihangaike kubeba chochote.

"Hasa pasi," alisema mama.

"Pasi gani, mama?"

"Ile mliyonipokonya mapajani."

"Aa, ile! Fundi alisema inaharibu picha. Haikuendana na bustani."

"Na wewe ukasema nini?"

Mkurugenzi akaitazama saa yake. Binti akaokoa jahazi kwa swali baya kuliko kimya: "Kwani picha yenyewe iko wapi, mama? Mbona haipo ukutani?"

"Hiyo hapo mezani. Inyanyue pasi, taratibu, ina moto."

Binti akainyanyua. Nyuso zilikuwa zimekauka na kujikunja pembeni kama majani ya mgomba, lakini zinatambulika. Bustani imegeuka kahawia. Na katikati, juu ya mapaja ya mama, palepale palipokuwa na maua, pameungua umbo jeusi la pasi, ncha yake mbele, kitako chake nyuma, sawasawa kama lililopimwa.

"Nyie mna fundi wenu wa kuunganisha," alisema Mama Pasi. "Na mimi nimeunganisha. Nimeirudisha mahali pake."

Wa mwisho akacheka kwa pua, akakanyagwa mguu.

"Mama," mkurugenzi alisema, na sauti sasa haikuwa ya vikao, "tumekosa. Lakini utakuja? Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Saa moja tu. Wakuone, halafu dereva akurudishe."

"Jumamosi ya mwisho?" Mama alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Ah, baba. Ratiba hazikutani."

Akaenda kabatini, akatoa bahasha ya kliniki ya macho. Ndani ilikuwa imebaki picha moja ya pasipoti kati ya zile alizopigwa kwa ajili ya kadi: uso mkavu, pamba juu ya jicho. Akamwekea mkurugenzi kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja, kama anayempa mtoto nauli.

"Sura hiyo hapo. Kiwiliwili fundi anacho. Nibandikeni."

Walikaa saa nzima, ile saa aliyoiomba, wakibembeleza. Yeye akapiga pasi mashati mawili ya walimu huku anawasikiliza, na kila alipomaliza kola aliinua uso akawatazama tena wote wanne, mpaka akatosheka. Kisha akawafungulia mlango.

Baada ya harusi dereva alipita kumsalimia, peke yake, bila kutumwa. Alikuwa na picha ya meza ya mbele kwenye simu. Wakwe waliambiwa bibi aliugua ghafla, kisha fundi akaitwa kuziba pengo ili albamu isiwe na kiti kitupu. Mama Pasi aliisogeza simu kwenye jicho lililobaki. Pamba imefutwa. Amevikwa gauni la zambarau lenye kola kubwa, anacheka kicheko cha mtu mwingine.

Akaikagua kola ile upande wa kulia, akahamia wa kushoto, akaukuta mkunjo. Akamrudishia dereva simu yake.

"Mwambie bosi wako nimejiona. Hata kunipiga pasi wameshindwa."