Seremala wa Gongoni anayekataa kuitwa muuaji

Hana cheti cha kidato chochote. Hana kompyuta, wala meza ya kuiweka kama angekuwa nayo. Hana miwani ya daktari. Anayoivaa aliinunua kwa mchuuzi barabarani, na jicho moja linaona zaidi ya jingine. Hana jamaa bungeni, hana mtoto chuo kikuu, hana mtu wa kumwambia "hebu subiri kidogo" kabla hajatuma maneno yake. Na tangu wiki iliyopita hana hata mahali pa kuyatuma.

Saa mbili asubuhi, karakana yake ya kuchonga vitanda na majeneza mtaani Gongoni, mjini Tabora, imeshajaa vumbi. Octavian Maganga, mwenye umri wa miaka 58, anapiga randa ubao wa mninga kwa nguvu ambayo ubao wenyewe hauihitaji. Simu yake inaning'inia kwenye msumari ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni. Zamani ilikuwa haimalizi dakika bila kulia. Leo iko kimya.

"Wamenifungia," anasema bila kuinua kichwa. "Watu elfu kumi na mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza: mzee, ulikuwa na maana gani?"

Elfu kumi na mbili ndiyo idadi ya wanachama wa Baraza la Hoja, kundi la mtandaoni ambamo watu wasiojuana hubishana juu ya kila kitu. Kama kuna maji mwezini. Kama bei ya tumbaku inapangwa na mkulima au na mnunuzi. Kama mwanamume anayeosha vyombo nyumbani ana akili timamu au kalishwa kitu.

Octavian aliingia humo miaka sita iliyopita, binti yake Stella, aliyeolewa Mwanza, alipomwachia simu ya zamani. Vanishi ikiwa inakauka, anasoma. Gundi ikiwa inashika, anajibu. Shule yake iliishia darasa la saba kule Tura, kijiji cha stesheni ya reli mashariki mwa Tabora, ambako baba yake alikuwa kibarua wa njia ya treni. Mengine yote ameyaokota mwenyewe, kwa kusoma na kwa kubishana.

Hakuwa bingwa. Aliwahi kushikilia kwa siku tatu mfululizo kwamba popo ni ndege. Mwalimu mmoja wa Songea akamletea picha ya popo akinyonyesha. Octavian akaandika mbele ya wote: "Nimeshindwa. Popo ananyonyesha. Ahsanteni kwa somo." Alipomsimulia mkewe, Consolatha, anayeuza mchele sokoni, mama huyo alicheka mpaka akamwaga pishi zima.

"Kukosea naweza," anasema sasa, na randa inasimama. "Kuomba radhi naweza. Nimeomba radhi kwa ajili ya popo! Lakini hili, hapana. Hili wananionea."

Hili lilianzia kwenye reli. Wanachama walikuwa wanabishana kama treni za mizigo zisimame kwenye stesheni ndogo au zipite tu. Octavian aliandika kwamba zisimame, watu wa Tura wapakie asali yao. Ndipo akatokea mtu asiyemfahamu, Mabruki Mwinyimvua, mkazi wa Dar es Salaam ambaye kwenye maelezo yake ameandika kwamba kwao ni Kisarawe.

"Nyinyi Wanyamwezi treni ya nini?" aliandika Mabruki. "Si mlikuwa mnabeba meno ya tembo kwa mabega mpaka pwani? Bebeni tena. Mabega mnayo, mlichokosa ni kichwa."

Mtu mwingine angekasirika. Octavian alifurahi. Mwinyimvua wa Kisarawe ni Mzaramo huyo, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani. Aliweka patasi chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akajibu:

"Mzaramo wewe, mabega yetu ndiyo yaliyokulisha. Ulikaa barazani kusubiri tushuke na mzigo ili ule ushuru. Sasa sikiliza: sanduku lako nimeshalichonga, la mninga, na nimelifupisha makusudi ili miguu ibaki nje. Nitakuzika kwa mikono yangu, na kaburini nitaingia mimi kwanza nione kama panakutosha."

Neno mtani hakuliandika. Aliandike la nini? Mtu anayempigia mwenzake mpira hamwelezi kwamba huu ni mpira.

Akaegemea ukuta akisubiri pigo la pili, huku anatabasamu peke yake. Pigo lililokuja silo alilolitarajia. "Mtu huyu ni fundi wa majeneza na ametishia kuniua," aliandika Mabruki. "Ushahidi ninao."

Kilichofuata kinamfanya Octavian ateme mate pembeni kila anapokisimulia. Maneno yake yalipigwa picha, yakasambazwa makundi yote. Mmoja akaitafuta picha ya karakana, yale majeneza yaliyoegemezwa ukutani, akaandika chini yake: "Muuaji wa Tabora na vifaa vyake." Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tabora akataka karakana ifungwe. Mwingine akaiombea familia ya Mabruki kana kwamba ameshakufa. Msimamizi wa Baraza, ambaye kwa miaka sita alikuwa anamwita "gwiji wetu", akamwondoa bila hata salamu.

Kisha mambo yakashuka kutoka kwenye simu yakaingia mlangoni. Mteja aliyeagiza kitanda cha futi tano kwa sita alikuja kuvunja oda. "Mke wangu anasema hawezi kulala juu ya mbao za muuaji," alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Kitanda!" Octavian anapiga kelele, na ngumi inatua kwenye meza ya kazi. "Jeneza ningeelewa. Kitanda!"

Wazee wa Tabora husimulia kwamba utani huu uliota njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani miezi na miezi, wakipita nchi za watu. Wapo waliogombana visimani na wapo waliofia njiani. Mpagazi akifia Uzaramo, mbali na mama yake na mbali na wenzake wenye haraka ya msafara, aliyechimba kaburi ni Mzaramo. Na Mzaramo aliyekuja bara akafia huku, alizikwa na Mnyamwezi. Waliozikana hivyo ndio waliopata haki ya kutukanana.

Kwa hiyo mtani akisema "nitakuzika", hajakutishia. Amekuahidi kwamba hutaoza njiani. Hakuna ahadi kubwa kuliko hiyo katika barabara ile yote, na leo hii mtu amekaa Dar es Salaam na kidole kimoja anaigeuza kuwa jinai.

"Muuaji yupo?" sauti inauliza mlangoni.

"Yupo. Ingia nikupime urefu."

Anayeingia ni Shaban Kibwana, fundi wa kushona kanzu hapo hapo Gongoni, Mzaramo ambaye babu yake alikuja Tabora na biashara na hakurudi tena. Anavuta kigoda, anakipangusa vumbi kwa kejeli, anakaa.

"Kigoda chenyewe kinacheza," anasema. "Ndiyo maana wanakushtaki. Si kwa kuua, kwa ufundi mbovu."

"Kimetengenezwa kwa makalio ya Kizaramo hicho, hakijazoea kukaliwa na mtu anayefanya kazi."

Wanacheka, lakini kicheko hakidumu. Shaban anasimulia siku ya mazishi ya baba yake. Octavian aliruka kaburini kabla ya maiti kushushwa, akakaa humo miguu kaikunja, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Alimtukana marehemu kwa uchoyo, kwa mvi, kwa kukoroma.

"Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake," anasema Shaban. "Walipomweleza nyumbani kwamba Octavian amekalia kaburi anadai jogoo, alicheka. Akaomba uji. Mimi nilijua siku ile kwamba mama hatamfuata baba."

Jumatatu wiki hii, Shaban ndiye aliyemsindikiza Octavian kwenye kituo cha polisi alikoitwa baada ya Mabruki kupeleka malalamiko. Aliyewapokea alikuwa Koplo Advera, binti wa Bukoba mwenye heshima zake.

"Shikamoo wazee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Octavian. "Pingu ziko wapi? Nimekuja na mikono."

"Kaa kwanza, baba. Hakuna aliyekufunga."

Koplo aliyasoma yale maneno ya sanduku kwa sauti. Shaban hakuvumilia. "Afande, mimi ni Mzaramo na Muislamu. Muislamu hazikwi ndani ya sanduku. Huyu mbao za mwanandani, zile za kumfunika maiti kaburini, anatuchongea sisi wenyewe, anajua vizuri sana. Kuniambia mimi kwamba nitazikwa kwenye sanduku la mninga, tena fupi, mzaha uko hapo hapo!"

Koplo aliziba mdomo kwa faili. Alipoliondoa alikuwa ameshajirekebisha. "Mimi nimeletewa maneno, mzee wangu. Utani sikuletewa." Akaendelea kusoma malalamiko ya Mabruki mpaka mwisho, na mwishoni kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeutarajia: "Ameniandikia habari za jeneza na kaburi wakati nina msiba wa mama yangu mzazi, tuliyemzika Kisarawe wiki hiyo hiyo."

Octavian anasema hapo alivua miwani yake.

Koplo akaeleza. Mlalamikaji yuko tayari kuyaacha iwapo Octavian atasaini karatasi inayosema kwamba alitishia kuua na kwamba anaomba radhi. Karatasi hiyo itabandikwa kwenye Baraza la Hoja. Itumwe kwenye sanduku la posta lililoandikwa hapo chini, kabla ya Ijumaa. Isipotumwa, shauri litasonga mbele.

"Saini, mtani," anasema Shaban sasa, kwa mara ya kumi labda. "Ni karatasi tu. Utafanya kazi yako kwa amani."

Octavian anageuka, na uso umemwiva. "Ukisaini wewe ndiyo karatasi tu! Mimi ni fundi majeneza. Nikikiri kwa mkono wangu kwamba nilitaka kuua mtu, nani ataniletea maiti wake nimpime? Na wewe je? Siku mkeo akifa nije au nisije? Au nije na wakili?"

Shaban anainama.

"Na huyo mwenzako," Octavian anaendelea, "amefiwa na mama! Amefiwa, na msibani hakuna mtani hata mmoja wa kumkalia kaburi! Anamwona mtani anamwita muuaji! Tusi la mabega amelipata wapi? Amelisikia kwa babu zake. Tusi wamemrithisha, mwenye tusi hawakumwonyesha. Nina hasira naye, Shaban, na nina hasira na waliomlea."

Mchana wa Alhamisi, Consolatha anarudi kutoka sokoni na kumkuta mumewe karakanani, ameinamia karatasi ya mistari juu ya ubao, penseli ya useremala sikioni na kalamu mkononi. Anaomba asomewe. Octavian anasoma kama anavyobishana, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili:

"Mabruki Mwinyimvua. Pole kwa mama. Ningejua una msiba nisingekuandikia, ningekuja. Hilo ndilo kosa langu, nalo nakuomba radhi kwa moyo wote.

"Karatasi yako sitaisaini. Sikukutishia. Ulinitukana tusi la babu zako, nikakujibu jibu la babu zangu. Kama hukulijua, kaulize wazee wa Kisarawe kabla hujauliza polisi.

"Mama yako hakupata Mnyamwezi wa kukalia kaburi lake, na hiyo ni aibu yetu sote. Siku ya arobaini nitakuwa hapo. Nitakaa mkeka wa mbele, nitakula pilau ya watu watatu, nitamtukana marehemu kwa kuzaa mtoto asiyejua watani wake, mpaka wafiwa wacheke. Ukitaka kuita askari waite. Waje na sahani zao."

Consolatha anatua kapu lake chini. "Umeandika tena utamtukana. Huu si ushahidi wa pili, baba Stella?"

"Ni wa pili."

"Wakikushika huko huko Kisarawe?"

"Watanishika nimeshiba."

Mkewe anatikisa kichwa, lakini anafungua kanga kiunoni, anatoa noti ya nauli ya bodaboda kwenda posta. "Andika na jina langu," anasema. "Mwambie na mimi nakuja. Wewe peke yako hutajua kuwasaidia wanawake jikoni."

Octavian anaongeza mstari mmoja. Mpango wake, anasema, ni kupanda treni siku tatu kabla ya arobaini, na Shaban ameshakubali kuwaonyesha njia, kwa sharti kwamba yeye hatatukanwa ndani ya behewa. Sharti hilo Octavian amelikataa. Kuhusu Baraza la Hoja hana haja ya kurudi mpaka msimamizi aje kumwomba mwenyewe. Kuhusu mahakama anasema wakimpeleka atakwenda, na atayasema haya haya mbele ya hakimu.

Posta, kijana wa dirishani anamuuliza kama ni barua ya kawaida.

"Ni ya msiba," anasema Octavian. "Na iandikishe. Asije akasema haikufika."

Anaikunja mara mbili, anaitia kwenye bahasha, analamba ukingo wa gundi. Nyuma anaandika kwa herufi kubwa jina lake lote, kazi yake na mtaa wa karakana yake, Gongoni. Kisha anaubana ukingo kwa dole gumba na kukaa hivyo, watu nyuma yake kwenye foleni wakianza kuguna, mpaka aridhike kwamba imeshika. Ndipo anaisukuma dirishani. Kijana anapiga mhuri na kuitupa kwenye gunia la Dar es Salaam.