Mbegu Iliyoota Bila Udongo

Shule niliyokuwa nikifundisha Pumwani ilipopata projekta, mimi ndiye niliyeizoea kuliko walimu wenzangu. Si kwamba nilipenda mashine. Nilifundisha sayansi gredi ya sita bila maabara, na nilikuwa nimechoka kuchora moyo wa binadamu ubaoni kwa chaki, kila mwaka ukitoka kama embe lililopondwa.

Baada ya masomo nilibaki katika chumba cha walimu nikitafuta video mtandaoni na kuzihifadhi kwenye flashi. Nyingi hazikufaa. Baadhi zilikuwa na Kiingereza cha mbio ambacho hata mimi nililazimika kukirudia. Nyingine zilianza kama somo zikaishia kuuza dawa. Hatimaye nilizoea kuchagua zenye picha safi na muziki peke yake, zisizo na mtu wa kusema. Niliona zinawapa watoto nafasi ya kutazama wenyewe kabla sijaanza kueleza. Madirisha tuliyaziba kwa katoni za friji, darasa likawa giza, na watoto wakatulia kuliko siku zote.

Muhula wa pili alihamia kwetu msichana mmoja aliyevaa miwani minene. Mama yake alikuwa akishona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Msichana mwenyewe alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu za kichwa, na alijichagulia dawati la mbele bila kuambiwa. Akisoma, kitabu kilikaribia kumgusa pua. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa zaidi nikadhani hilo limetosha.

Siku moja nilionyesha video ya mharagwe unaoota. Siku nyingi za ukuaji zilikuwa zimebanwa katika dakika chache, na chini yake kinanda kikipigwa polepole. Ilipokwisha nilifungua mlango, mwanga ukaingia, nikauliza wamejifunza nini. Mikono ikainuka. Nilimchagua msichana wa miwani kwa sababu hakuwa ameinua wake.

"Nimesikia muziki, mwalimu," akasema.

Wachache walicheka. Yeye hakuwa akifanya mzaha. Nilipomuuliza kando, wakati wa mapumziko, alinieleza kwamba mchana huona maumbo na rangi kali, ila chumba kikitiwa giza haoni chochote, hata ule ukuta wenye picha. Aliyaeleza hayo bila manung'uniko, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Jioni hiyo nilirudia video zangu nikiwa nimefumba macho, moja baada ya nyingine. Kinanda, gitaa, kinanda tena. Moyo, figo na mlima wa volkano vyote vilisikika sawa. Nikaanza kutafuta zenye maelezo ya Kiswahili. Zilikuwa haba, na zile nilizopata zilisema "kama mnavyoona hapa" bila kutaja kinachoonekana.

Wakati bado natafuta, jirani wa dawati wa yule msichana wa miwani alikuwa ameshaanza kazi. Huyu alikuwa msichana mwenye maneno mengi, ambaye kwa kawaida nilimtenganisha na wenzake ili anyamaze. Niliporudia video ya mharagwe, nilimsikia gizani akimnong'onezea mwenzake: "Sasa imepasuka kwa tumbo. Imetoa kamkia keupe. Kamkia kanaenda chini." Nilikaribia kumkemea. Badala yake nilizima muziki nikamwambia aseme kwa sauti ili sote tusikie.

Akasema. Mvulana wa nyuma akampinga: si mkia, ni shina. Mwingine akasema shina halijatoka bado, hiyo ni mizizi. Watoto waliokuwa wametazama picha ileile mara mbili hawakukubaliana kitu gani kilitangulia kutoka. Nikairudisha nyuma, tukatazama tena, wakabishana tena, hadi wakakubali kwamba mzizi ulitangulia.

Katikati ya ubishi huo msichana wa miwani akauliza, "Na udongo uko wapi?"

 Aliyekuwa akieleza akatazama ukutani. "Hakuna udongo," akasema. "Ni kama iko hewani."

"Basi inaotaje?"

Hakuna aliyekuwa amejiuliza hivyo, nami nikiwemo. Tulisimamisha picha na kuichunguza. Pembeni udongo ulionekana vizuri, mweusi, umeegemea kioo. Mharagwe ulikuwa umepandwa kati ya kioo na udongo ili kamera iuone. Wiki iliyofuata tulipanda maharagwe yetu katika chupa zilizokatwa, tukiyabana kwenye ukuta wa chupa kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Mizizi ilipotoka, msichana wa miwani aliingiza kidole chupani akaifuata kwa ncha yake.

Tangu hapo hatukutazama video kimya. Kila mara mtoto mmoja alieleza na wengine walimsahihisha. Mwalimu mkuu alikuja siku moja kuangalia chanzo cha kelele, akasimama mlangoni kidogo, akaniomba tu niufunge mlango kwa sababu ya darasa la jirani. Alama za sayansi zilipanda kiasi. Nilikuwa nimeridhika.

Mwisho wa mwaka mama wa msichana wa miwani alikuja shuleni, bado na gundi ya viatu vidoleni. Alisema daktari alikuwa amemwonya kitambo kwamba macho ya bintiye yataendelea kupungua nguvu, na hakutuambia kwa kuhofia kwamba tungemkataa. Sasa alikuwa amempatia nafasi katika shule ya bweni ya wasioona. Nilimweleza tulivyokuwa tukifundisha, jinsi mtoto alivyoshiriki, na kwamba angeweza kubaki nasi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nashukuru, mwalimu," akasema. "Lakini hapa anangoja aambiwe. Mimi nataka asome mwenyewe."

 Nilimsindikiza hadi langoni, nikarudi kusahihisha madaftari. Nilihisi kitu kama kunyang'anywa, ingawa hakuna kilichokuwa changu.

 Darasa lililofuata halikuwa na mtoto mwenye shida ya macho, na niliwapa kazi ileile ya kueleza picha. Mwanzoni waliona ni upuuzi kuelezana kitu ambacho kila mtu anakiona. Wengine wanaona hivyo mpaka leo.

Mwaka jana nilipita Kariokor kutafuta viatu nikamkuta mama yule kwenye kibanda chake. Nilimuuliza habari za binti. Alisema amejifunza breli, ile ya kusoma nukta kwa vidole, na akija likizo haachi vitabu hata mezani. Mkono mmoja unakula, mwingine unasoma, na mara nyingine anasahau upi ni upi.

"Vitabu vya shule vinanuka samaki," mama akasema, akanipimia kiatu mguuni.