Koti la Ngozi Kwenye Mpaka wa Theluji

Nilivunjika kifundo cha mguu mwezi wa Julai, wakati ambapo Eldoret watu huamka na kuongea huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Nilikuwa nashuka kwenye boda boda mbele ya geti letu pale Pioneer, nikateleza kwenye tope, na nilipojaribu kusimama mguu ulikataa. Ukafungwa plasta. Kazini wakaniambia nikae nyumbani nipone. Dada yangu anayeishi Munyaka, akijua kwamba mimi nikikaa bure huwa nasumbua watu kwa simu mchana kutwa, akaniletea mashine yake ya gemu na kuiunganisha na televisheni.

"Hii itakunyamazisha," akasema.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mwanamke ambaye ndege imemwangusha juu ya mlima wenye theluji, na sasa anatakiwa kutembea peke yake mpaka baharini, ambako meli itamchukua. Hakuna majambazi, hakuna bunduki. Adui ni hali ya hewa tu. Pembeni mwa skrini kuna kipimajoto kidogo. Kikishuka mpaka chini anakufa, na kikipanda mpaka juu anakufa vilevile.

Nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Nimezaliwa huku juu, nimekanyaga umande wa asubuhi nikienda shule na sweta moja iliyotoboka viwiko. Nikamkimbiza yule mwanamke mbio. Akatoka jasho, nguo zikalowa, upepo ukampiga, akaanguka kifudifudi. Nikaanza upya. Safari hiyo akafia mtoni.

Nilikuwa namzika kwa mara ya tatu au ya nne jirani yangu alipobisha. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Garissa, mwenye duka la mablanketi mjini. Ameishi Eldoret tangu wanawe wakiwa wadogo, lakini baridi yetu hajawahi kuizoea: hata Januari, sisi wengine tukiota jua, yeye amevaa koti juu ya baibui na soksi nene. Alikuwa amekuja kuniona mgonjwa, na mkononi alibeba chupa ya chai yenye tangawizi na iliki.

Akanijulia hali, akanimiminia chai, kisha akageukia televisheni. Mwanamke wangu alikuwa amejikunyata kwenye theluji, anatetemeka.

"Huyo ni nani?"

"Ni wa gemu tu, Mama. Si mtu."

"Lakini anasikia baridi."

"Anasikia."

Akakaa chini. "Basi muwashie moto. Unamwangalia tu?"

Nikampeleka pangoni nikamwashia moto. Kipimajoto kikapanda taratibu, na jirani yangu akapumua kama vile miguu iliyokuwa ikiota moto ni yake. Nilipotaka kumtoa nje, akanishika mkono. "Moto uko, pango liko. Unataka aende wapi?"

"Baharini."

"Bahari haikimbii. Mwache apate joto."

Basi tukamwacha. Tukanywa chai, tukazungumza habari za wanawe na jinsi plasta yangu inavyowasha, na kila moto ulipofifia yeye akaniamuru niongeze kuni. Kuni zikaisha. Chakula kikaisha. Yule mwanamke akafa pangoni kwa njaa, mkavu na mwenye joto safi kabisa. Jirani yangu akafunga kifuniko cha chupa ya chai.

"Kesho," akasema, "tutatembea kidogo."

Kesho yake alikuja baada ya swala ya alasiri, na siku zilizofuata pia, akimwachia binti yake duka. Tukajifunza pamoja. Mimi niliacha kukimbia. Yeye akakubali kwamba moto ni wa kupumzikia, si wa kuhamia. Tulimvalisha mwanamke wetu koti zito la ngozi. Tulitembea hewa ilipotulia, na upepo ukianza tulijibanza nyuma ya miamba. Nyayo zikilowa, jirani yangu aliona kabla yangu. "Soksi, mwanangu, soksi," alinong'ona, nami nikamkausha.

Siku tuliyovuka kilele cha mwisho, theluji ilikatika ghafla, na mbele yetu likatandaa jangwa: mchanga mwekundu, vichaka vya miiba na jua kali. Jirani yangu alifungua vifungo vya koti lake mwenyewe bila kujua.

"Sasa tumefika kwetu," akasema. "Hilo koti zito litupe. Litamchosha tu."

Nikalitupa pale pale mpakani. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, nikaanza kumvua mwanamke wetu na shati na kitambaa cha kichwa.

"Unafanya nini?"

"Namwondolea joto, Mama."

"Utamuua. Jua la huko linakula ngozi. Mfunike, umweke kivulini mpaka jua lilale."

Sikumwamini. Kwetu jua likitoka mtu huvua sweta, basi. Nikamtembeza mchana kweupe mabega wazi, na kabla hajafika kwenye kichaka cha tatu kipimajoto kilikuwa kimegonga juu, akazirai. Jirani yangu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniomba msamaha kwa kucheka mbele ya mgonjwa, halafu akacheka tena.

Gemu ilitupatia nafasi ya kurudia tangu mpakani. Safari hii nilimfunika mwanamke wetu kama nilivyoelekezwa, nikamlaza kivulini, na jua la gemu lilipozama tukaanza safari, wote wawili tukiwa na uhakika. Kipimajoto kikaanza kushuka. Kikashuka zaidi. Yule mwanamke akaanza kutetemeka mchangani.

"Hapana," jirani yangu akasema. "Kwetu usiku hauna baridi ya namna hiyo."

"Pengine hili jangwa si la Garissa, Mama."

Kuni hazikuwepo, miiba iliungua mara moja ikaisha. Kilichoweza kumwokoa ni lile koti, na lilikuwa mbali nyuma yetu. Nilisema basi, afe tu, tuanze upya. Jirani yangu akanyoosha mkono kwenye kidude cha kuchezea nilichoshika.

"Lete hicho kidude. Mimi ndiye niliyesema litupwe."

Hakuwa amewahi kukishika. Nikamwonyesha kitufe cha kwenda mbele na cha kugeuka. Akamgonganisha mwanamke wetu na mwamba, akamzungusha kama pia, akamwomba radhi kwa Kisomali, kisha akamnyoosha njia. Mimi nilishikilia magongo yangu kana kwamba yangesaidia. Kipimajoto kilibaki uzi mwembamba wa buluu alipolifikia koti. Nilimwonyesha cha kubonyeza, akalivaa, na uzi ule ukanenepa. Jirani yangu akakiweka kidude mapajani, akafuta macho kwa pembe ya mtandio.

"Nimetoka jasho," akasema, na hilo sikuwahi kumsikia akilisema Eldoret.

Tulifika baharini katika wiki niliyotolewa plasta. Meli ilikuwepo kweli. Mabaharia wakamshika mwanamke wetu mkono, wakampandisha, muziki ukapigwa, majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupita. Nikapiga makofi. Jirani yangu alikuwa amekunja uso.

"Watu gani hawa? Mtu ametoka mbali hivyo, hata hawamuulizi kama amekula?"

Akanyanyuka akaenda kwake. Akarudi na sahani ya anjera za moto, zile chapati laini za Kisomali, zilizofunikwa, na mchuzi wa mbuzi kwenye sufuria ndogo. Tukala majina yakiendelea kupita kwenye skrini, hakuna aliyeyasoma.