Niliandika "Uchafu ya Masikiyo"

Bandugu, musitafute mwingine, mimi njo nilikosea. Na bidole byangu hibi!

Nilikuwa encodeur hapa Butembo. Badocteurs balikuwa banajaribu dawa mupya, na kazi yangu ilikuwa kuingiza mu ordinateur yale bagonjwa banasikia kisha kuimeza. Mashini iko na liste ya majina ya magonjwa. Neno isipokuwa mu liste, inawaka rouge, nyekundu, inakatala.

Mais liste yenyewe ilikuwa ya zamani! Infirmière, muuguzi wa kule Mabalako, aliandika majina mupya, yale balimufundisha. Balituambia: neno ya kweli ikikataliwa, acha rouge, andikia bureau batengeneze liste. Mimi sikuandike hata siku moya. Juu ya nini? Juu kila Ijumaa chef anasoma rouge ya kila mutu mbele ya wote, na mimi sina! Baliniita Docteur Zéro Rouge. Kichwa ikavimba, weee!

Siku moya ikafika fiche, karatasi ya Mama Kavira, mulimaji wa kule Mabalako. Infirmière aliandika "hypoacousie", ni kusema kusikia inapunguka. Rouge. Nikaandika tena. Rouge! Nikachungulia mu liste, nikaona "bouchon", uchafu ya masikiyo. Nikasema: aa, masikiyo ni masikiyo. Nikabonyeza, ikapita.

Ujinga gani ile, Mungu wangu!

Infirmière akanipigia simu. "Ndugu, badocteurs hapana kusema kitu juu ya ule mama?"

"Yote iko en ordre, mama," nikajibu. Bila haya!

Docteur gani atasimamisha dawa juu ya uchafu? Mama Kavira akaendelea kumeza. Fiche ya pili ikakuja na neno ile ile, na ya tatu. Zote nikabadilisha.

Kisha infirmière akachoka kungoja. Akapanda moto, pikipiki, mupaka Butembo na bikaratasi mukononi, akabimwanga ku meza ya chef mbele yangu. Dawa balisimamisha siku ile ile, mais ilikuwa kuchelewa. Masikiyo ya ule mama hairudi tena. Mimi balinifukuza, na ni haki yangu.

Padri akaniambia: enda umuombe musamaha. Nikaenda. Nikapiga magoti mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, nikasema yote, nikalia sana. Mutoto yake alikuwa analia ndani ya nyumba, mama hapana kugeuka. Aliangalia tu kinywa yangu, akacheka kidogo, akanipigapiga ku bega.

"Wasingya, aksanti, tata. Nimeshakula."

Ningemuandikia, mais kusoma hajue. Nifanye nini? Muniambie, nifanye nini!

Ninyi munaofanya kazi ile, nabaomba: musibadilishe neno ya mugonjwa, hata mashini ikatale, hata chef akasirike. Mimi nimeomba musamaha mupaka sauti ikakauka, na mwenye kunisamehe hasikie.