Kukonda kwa Mke wa Mwenye Bucha

Mume wangu alikuwa na bucha sokoni Tabora, na mimi nilikuwa sehemu ya bucha hiyo. Alinichongeshea kiti cha mninga, akakiweka kando ya meza ya nyama, na kila asubuhi nilikaa pale nimejifunga kanga mpya ili wateja wanione. Mtu akiuliza kama nyama ni nzuri, mume wangu hakujibu. Alininyooshea kisu akasema, "Si huyo hapo? Anakula hii hii." Watu walicheka, wakanunua.

Kabla yangu alikaa mwingine kwenye bucha ile. Mke wake wa kwanza alikufa kabla hajazeeka. Jirani ndiye aliyenisimulia, kwa sababu mle ndani hakuna aliyependa kulisema. Alianguka alfajiri akitoka chooni, na alikuwa mnene kiasi kwamba maiti yake haikupita mlangoni. Walibomoa ukuta wa chumba, wakamtoa, kisha wakaziba kwa udongo mwekundu usiofanana na ule wa zamani. Chumba hicho ndicho nilichopewa mimi. Nilipomwuliza mama mkwe ni ugonjwa gani uliomuua huyo mwenzangu, alishangaa. Hakuugua kitu, alisema. Alikufa na afya yake yote.

Majina sitayaandika. Waliohusika wanajijua, na waliokwisha kufa wanajulikana kwao. Lakini vyeo vyao nitavitaja, maana nimechoka kusikia kwamba yaliyonipata yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakunipikia supu ya mkia wa kondoo. Aliyenipikia ni mama mkwe.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Itetemia. Kwetu tulikuwa Wakatoliki wa jembe. Nilisoma misheni hadi nikajua kusoma sala na kuandika barua, basi. Nilikua kwa kula ugali wa mtama na mlenda, maharage, matobolwa wakati wa kiangazi, yaani vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, na nyama siku za sikukuu. Nilikuwa mwembamba mwenye miguu ya kazi. Posa ilipokuja, mama yangu alifurahi. Mtoto wake anakwenda kula nyama kila siku.

Na kweli nilikula. Asubuhi supu yenye mafuta yanayoelea juu. Kisha chai ya maziwa, sukari hadi kijiko kinasimama. Mchana wali wa samli. Jioni ugali na nyama, na mama mkwe amekaa mbele yangu anahesabu matonge kwa macho. Maji alichota mtumishi. Kuni zililetwa mlangoni. Siku moja nilishika jembe nipalilie maboga nyuma ya nyumba, akaninyang'anya mbele ya majirani. Mke wa mwenye bucha anashika jembe, watu waseme nini?

Mwanzoni nilipenda, nisiseme uongo. Nilipokwenda Itetemia kusalimia, shangazi zangu walinigeuza huku na huku kama ng'ombe wa mnada, wakasifu. Baadaye pumzi ikaanza kukata. Magoti yakauma. Chini ya matiti palichubuka, pakatoa maji. Mimba zilitoka, na kila iliyotoka mama mkwe aliongeza samli, akisema tumbo halina mafuta ya kumshikilia mtoto.

Ndipo nikaanguka sokoni. Niliinuka kitini nimpishe mteja, dunia ikawa nyeusi, nikajikuta chini kwenye maji ya damu ya nyama. Wanaume walijaribu kuninyanyua wakashindwa mara ya kwanza. Mmoja akasema, "Leteni ile ndoano ya ng'ombe." Soko zima likacheka. Mume wangu naye alicheka. Alikuwa anajivunia uzito wangu.

Walinipeleka hospitali ya misheni kwa gari la kubebea ngozi. Daktari alikuwa Mzungu mzee aliyejua Kiswahili cha kuombea maji tu, sista mmoja ndiye aliyetafsiri. Alinisikiliza kifua muda mrefu. Akasema moyo wangu unafanya kazi ya kubeba watu wawili, na utachoka. Nisife njaa, nisinywe dawa, dawa haipo. Nile chakula nilichokulia kwetu, nishibe kiasi, mafuta na sukari nivipunguze, na nitembee kila siku, mwanzo kidogo, kisha zaidi. Mwili usipungue haraka. Ulivyokuja polepole, uondoke polepole. Nisipofanya hivyo, akasema, sitauona uzee.

Nilifikiria mwenzangu na ule ukuta. Mume wangu yeye alifikiria bucha.

"Sista," alisema, "mwambie daktari mke wangu akikonda watu watasema nauza nyama ya ng'ombe waliokondeshwa na ndigana."

Sista hakutafsiri.

Siku za kwanza za kutembea nilifika mwisho wa nyumba za mtaa wetu wa Ipuli, nikakaa kwenye jiwe nikilia kwa maumivu ya magoti. Kesho yake nikarudi pale pale. Nilichagua njia ya zamani ya misafara, ile yenye miembe iliyopandwa enzi za Waarabu, kwa sababu ndiyo inayoelekea kwetu na ina kivuli. Nilijiwekea mwembe mmoja, nikiuzoea nakwenda wa mbele yake. Babu yangu mzaa mama aliipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani hadi pwani, akarudi. Wenzake wengi hawakurudi. Alizoea kusema kwamba njia ile ilikuwa inakula nyama ya watu kidogo kidogo, leo shavu, kesho paja, hadi mtu anabaki macho. Mimi nilikwenda kuilisha nyama yangu kwa hiari. Wapita njia walidhani nina wazimu. Mke wa mwenye bucha anatoka jasho peke yake, hana mzigo, hana anakokwenda.

Chakula kilikuwa vita. Nilianza kujipikia mwenyewe kwenye chungu kidogo: ugali wa mtama, tonge chache za ngumi yangu, mboga nyingi, maharage, dagaa wa Kigoma waliokuja na treni. Nyama nilikula, sikuiacha, lakini ile nyekundu isiyo na mafuta, na si kila siku. Karanga kiganja kimoja. Chai ya rangi, sukari nikaisahau taratibu, na ilinichukua muda mrefu kuisahau kuliko nilivyomlilia mtu yeyote. Kulikuwa na wakati mwili uligoma. Nilitembea, nikala vile vile, na kanga ikanibana vile vile, wiki zikapita. Halafu siku moja nikainama kufunga kiatu, na sikukumbuka kwamba zamani nilikuwa sifiki.

Mama mkwe alichukulia kila tonge nililoacha kama tusi. Alipoona nimekazana, akaleta haluli, ile chumvi ya kuharisha. Kama Mzungu anataka ukonde, alisema, konda leo, umwonyeshe, kesho tule. Nilikunywa mara moja. Niliharisha hadi nikaona nyota mchana. Kanga ikalegea, na nilipoanza kula tena nikarudi pale pale na zaidi kidogo. Sikuigusa tena. Niliimwaga, naye akanunua nyingine akaiweka kabatini.

Sasa ndiyo nafika kwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Mle ndani yeye peke yake alikuwa ananichekesha. Alikuwa mnene kama mimi, amelishwa na mkono ule ule, na alikuwa ameposwa na karani wa reli. Karani huyo alikuwa na picha ya mwanamke aliyoikata kwenye gazeti, mwembamba, amevaa gauni la mkanda. Alimpa wifi yangu picha ile, akamwambia siku ya harusi anataka aingie kwenye gauni kama lile. Huyo ni mhusika wa tatu. Wa pili, kama mtu hakuhesabu, ni mume wangu.

Wifi alitembea na mimi asubuhi chache. Alitania njia nzima, akisema tukifika Itetemia tutakuwa tumebaki kanga mbili zinazotembea zenyewe. Kisha akachoka.

"Wifi, njia yako ni ndefu," aliniambia. "Hii yako itanifikisha harusini na wajukuu."

"Lakini itakufikisha."

"Mama ana dawa ya siku chache. We endelea na miembe yako."

Nilimwambia ile si dawa, nikamwonyesha mwili wangu ulivyorudi. Alicheka. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Alitoka akaniambia nina wivu, nataka bibi harusi awe bonge ili mimi nionekane.

Wakamnywesha. Aliacha kula kabisa, akawa anakunywa maji ya limau na haluli, asubuhi na jioni. Alikonda kweli, kwa haraka ya kutisha, na nyumba nzima ikamsifu. Karani alikuja akamzungusha na kutabasamu. Macho yake wifi yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, akisimama anashika ukuta. Nilimwambia mume wangu ampeleke misheni. Alisema harusi ikishapita. Nilimpikia uji, mama mkwe akaumwaga mbele yangu.

Alikufa uani, amekaa kwenye mkeka wakimsuka nywele za harusi. Msusi alidhani amesinzia, akaendelea kusuka.

Karani alikuja mazishini, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya udongo kujaa. Nasikia baadaye alioa kwingine.

Kwenye ukoo wa mume wangu kulikuwa na desturi yao. Siku ya kumaliza matanga, watu wa nyumba ya marehemu hula sinia moja mbele ya wazee, nyama iliyopikwa na mafuta yake. Anayejizuia kula, ana jambo na marehemu. Nilikuwa nimeshakula sinia hilo kwenye misiba mingine na sikulifikiria. Sikujua kwamba siku zile zote za matanga, wakati mimi nachota maji na kukoka moto, mama mkwe alikuwa anazungumza na wazee. Aliwaambia kukonda hakukuwamo katika nyumba ile. Kumeingia na mimi. Natoka kila asubuhi peke yangu kwenye njia ya watu waliokufa, nakwenda kufanya nini? Kwanza nimejikondesha, kisha nikamkondesha mtoto wake.

Baba mkubwa wa mume wangu ndiye aliyesema uamuzi. Hakupandisha sauti. Kama sina jambo, alisema, nitakula leo mbele yao, na kuanzia leo nitakula kwa mkono wa mama mkwe, chochote anachopakua, hadi nirudi kwenye mwili wangu. Kutembea basi. Nikinenepa, watajua mikono yangu ni safi.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa na mimi hospitali siku ile, alisikia kila neno la daktari. Aliangalia sinia.

Nikanawa, nikala. Matonge yangu yale yale, mboga, na mnofu mmoja mwekundu. Nilitafuna polepole kama nilivyojizoeza. Nikakunja mkono. Mama mkwe akachukua kipande cha mkia, kinachuruzika, akakiweka mbele yangu.

"Na hiki, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na alikuwa haniiti hivyo siku za kawaida.

"Nimeshiba, mama."

"Ameshiba," alisema baba mkubwa, akiwageukia wenzake.

Mume wangu akainama karibu na sikio langu. "Kula, mwanamke. Kipande kimoja tu. Unataka waseme nimeoa mchawi?"

"Cha leo ni kimoja," nilimwambia. "Na cha kesho? Unataka unitoe kwa mlango upi?"

Wanawake waliokuwa karibu walisikia, wakavuta mikono yao kwenye sinia kana kwamba limewaka moto. Kwao, kukataa kipande kile kulikuwa ni kukiri. Nilinyanyuka bila kushika kitu. Nilichukua kanga zangu za kila siku, zile za kwenye kiti nikaziacha, nikatoka. Hakuna aliyenizuia. Watoto wa jirani walikimbia kunipisha.

Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeshaipita miembe yote ndipo nikagundua kwamba sikukaa mahali hata pamoja kupumzika. Mama yangu alinikuta mlangoni. Hakunikumbatia. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi. Akasema basi nikae ndani kwanza, gizani, majirani wasinione nimekonda hivi, watasema tumepokea mgonjwa.

Hayo ndiyo yamekuwa maisha yangu tangu siku hiyo. Jina la mchawi lilinifuata Itetemia likakaa na mimi. Kwenye misiba napakuliwa pembeni. Watoto sikupata. Padri alikuja, naye namtaja, akaniambia ndoa ya kanisa haivunjwi kwa sababu ya chakula, nirudi kwa mume wangu nikatii.

"Padri," nilimwuliza, "nikirudi utakuja kunizika?"

Akasema hilo ni swali la kiburi. Akanipa sala za toba, akapanda baiskeli yake. Nilizisali zote, kwa sababu sikutaka kugombana na Mungu pia. Kisha nikachukua jembe nikaenda kupalilia karanga, kwa mguu, pumzi yangu ikija na kwenda kama ya mtu yeyote.